Kilio cha Mtoto na Kilichotiwa Kinywani Mwake: Historia ya Tiba ya Mchango katika Buha

Nyanda za juu za Kigoma, zinazopanda kutoka mabwawa ya Mto Malagarasi hadi mpaka wa Burundi, ni nchi ya Waha, ambayo vitabu vya historia huiita Buha, na ndani yake zimo wilaya za Kasulu na Kibondo pamoja na kata ya Kitahana iliyo upande wa Kibondo. Wengi walioiandika nchi hii wameshughulikia tawala zake za kale, ugonjwa wa malale, vijana waliokwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge na, katika miongo ya karibuni, kambi za wakimbizi. Tiba ya mtoto mchanga anayelia kila jioni bila kubembelezeka haikupata nafasi katika maandishi hayo, kwa kuwa ni jambo la ndani ya nyumba, la mama na bibi, ambalo huacha hati chache mno. Hata hivyo tiba hiyo ina historia yake, na uzi wake ni huu, kwamba kila zama ilipotaka kumtuliza mtoto ilitafuta kitu cha kumtia kinywani, kikawa ama maji ya mizizi na majani, ama dawa ya chupa ya dukani, na sasa matone yenye bakteria hai.

Maradhi yenyewe, ikiwa yanastahili kuitwa maradhi, hujulikana na akina mama wengi wa Tanzania kwa jina la mchango au chango, na waganga wa hospitali huyaeleza kuwa ni msokoto wa tumbo wa watoto wachanga. Mtoto aliye na afya njema, anayenyonya na kuongezeka uzito, huanza katika wiki za mwanzo za maisha yake kulia kwa vipindi virefu, hasa jioni, huku amekunja magoti, uso umemwiva na tumbo limejaa gesi. Mwaka 1954 daktari Mmarekani Morris Wessel na wenzake waliweka kipimo ambacho kimetumika tangu hapo, nacho ni kulia zaidi ya saa tatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa wiki, kwa zaidi ya wiki tatu. Kilio hicho hupanda hadi kufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hushuka chenyewe, na kwa kawaida huwa kimekoma mtoto anapomaliza mwezi wa tatu au wa nne. Tabia hii ya kukoma chenyewe imewafaa sana wauza dawa wa kila zama, maana chochote atakachopewa mtoto katika wiki ya sita kina nafasi nzuri ya kuonekana kimemponya katika wiki ya kumi.

Kabla ya kuingia katika yale yaliyotiwa kinywani, yafaa kutaja tiba ambayo haikupitia huko, ambayo wanahistoria wa dawa huisahau kwa sababu haina chupa wala bei. Mama wa Buha, kama walivyo mama wa sehemu kubwa ya Afrika, hukaa na mtoto mgongoni au kifuani kwa sehemu kubwa ya siku, humnyonyesha kila anapotaka na hulala naye usiku. Utafiti uliofanywa Montreal nchini Kanada na Urs Hunziker na Ronald Barr, uliochapishwa mwaka 1986, ulionyesha kwamba watoto waliobebwa kwa muda mrefu zaidi kila siku, hata walipokuwa hawalii, walipunguza kilio kwa asilimia 43 walipofika wiki ya sita. Barr na wenzake walipochunguza miaka mitano baadaye kumbukumbu za jamii ya !Kung ya Kalahari, ambamo mtoto hatoki mwilini mwa mtu kwa muda mwingi, waliona kwamba watoto wao nao walikuwa na kilele cha kilio katika miezi ya mwanzo, ila kila kilio kilidumu muda mfupi zaidi kuliko cha watoto wa Ulaya na Marekani. Kwa hiyo kubeba hakukuondoa mchango, bali kulipunguza makali yake, na si ajabu kwamba jamii iliyokuwa na mbeleko iliendelea kutafuta dawa.

Katika mjadala wa kisasa juu ya probiotiki, yaani vijidudu hai ambavyo vikimezwa kwa kiasi cha kutosha humpa mwenyeji wake faida ya kiafya, imezoeleka kusemwa kwamba Mwafrika amekuwa navyo tangu kale kupitia maziwa ya mgando. Dai hilo lina ukweli kwa Wamasai na kwa wafugaji wengine, lakini linapopelekwa Buha linahitaji kupunguzwa. Nchi hiyo ilikuwa na tawala kadhaa za watemi walioitwa bami, zikiwemo Heru katika eneo la Kasulu, Muhambwe katika eneo la Kibondo na Buyungu katika eneo ambalo leo ni Kakonko, na watawala hao, pamoja na wafugaji wa Kitutsi waliokuwa karibu nao, ndio walioshika ng'ombe wengi. Mkulima wa kawaida alimpata ng'ombe kwa njia ya ubugabire, yaani mkataba ambao mtu alikabidhiwa mnyama na mwenye mali, naye akalipa kwa utumishi na utii. Maziwa, yawe mabichi au yaliyogandishwa katika kibuyu, yalikuwa basi chakula chenye daraja, na kaya nyingi za wakulima ziliishi zaidi kwa mtama, ulezi, maharage, na baadaye mahindi na mihogo.

Historia ya baadaye ilizidi kuyapunguza maziwa hayo. Sotoka, ugonjwa ulioua ng'ombe kwa wingi kote Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ulifuatwa na kuenea kwa vichaka vilivyohifadhi mbung'o, na katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa upande wa Kibondo na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na malale. Misitu ya miombo iliyoachwa nyuma ikawa makao ya mbung'o kwa muda mrefu, na mbung'o hamruhusu ng'ombe kustawi. Anayetafuta asili ya probiotiki katika mapokeo ya Kitahana atakosea akianza na kibuyu cha maziwa; akitaka kuwa mkweli kwa nchi yenyewe ataanza na nafaka.

Uchachushaji wa nafaka, yaani kuacha bakteria wa asidi ya maziwa wageuze sukari ya uji au ya kimea kuwa uchachu, umeenea Tanzania nzima, na mfano wake unaojulikana zaidi ni togwa. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuuchunguza kwa vipimo vya sayansi. Wilbald Lorri, ambaye baadaye aliiongoza taasisi hiyo, akishirikiana na Ulf Svanberg wa Sweden, alichapisha mwaka 1994 matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa waliugua kuhara mara chache kuliko waliolishwa uji wa kawaida, na mwaka 1999 Rose Kingamkono na wenzake walionyesha kwamba bakteria waletao magonjwa ya tumbo walipungua katika kinyesi cha watoto waliokula uji wa namna hiyo. Ushahidi huu ni wa thamani kubwa, lakini unahusu watoto walioanza kula na unahusu kuhara, ilhali mchango humjia mtoto wa wiki sita, ambaye hapaswi kupewa uji wowote. Wanaouchukua na kuuweka juu ya tumbo la mtoto mchanga wanaruka miezi minne ya umri kana kwamba si kitu.

Tiba ya jadi ya mtoto mchanga ilitegemea dawa za miti zaidi ya vyakula. Katika sehemu nyingi za Tanzania mtoto hupewa matone ya maji ya mizizi au majani tangu siku za mwanzo, huogeshwa kwa maji hayo, au hufungwa hirizi kiunoni, na sababu inayotajwa ni mchango. Maelezo ya kilio hayakuishia tumboni. Kimeo, yaani kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, kililaumiwa na kukatwa. Na katika nusu ya pili ya karne ya 20 yakaenea maelezo ya meno ya plastiki, ambayo wengine huyaita meno ya nailoni, yaliyodai kwamba mtoto mwenye homa na kuhara ameota meno mabaya chini ya fizi, na vichipukizi vya meno vikang'olewa kwa vyombo visivyo safi. Madaktari wa meno wa Tanzania waliandika juu ya madhara ya desturi hiyo katika miaka ya 1980 na 1990. Inafaa kukumbukwa kwamba haikuwa mabaki ya ushamba wa kale, maana jina lake lenyewe halingeweza kuwapo kabla ya plastiki kufika nchini. Ilikuwa jibu jipya kwa swali la zamani, sawa na dawa za chupa zilizokuwa zikiingia wakati uleule.

Dawa maarufu kuliko zote kati ya hizo ilianza mbali. Mwaka 1851 mfamasia William Woodward wa Nottingham, Uingereza, alitengeneza maji ya dawa aliyoyaiga kutokana na tiba ya homa ya vinamasi, ugonjwa wa aina ya malaria uliosumbua watoto wa mashariki ya Uingereza, na mwaka 1876 akaliandikisha jina la Woodward's Gripe Water kuwa alama yake ya biashara. Mchanganyiko wake ulikuwa na mafuta ya shibiti, baikaboneti ya sodiamu, sukari, maji, na kileo cha takriban asilimia 3.6. Kwa kulinganisha na washindani wake wa karne ya 19 dawa hiyo ilikuwa ya upole, kwa sababu wakati huohuo watoto wa Uingereza walinyweshwa Godfrey's Cordial yenye afyuni, na wale wa Marekani Mrs. Winslow's Soothing Syrup yenye mofini, ambazo ziliwanyamazisha watoto wengi moja kwa moja. Gripe Water ilisafiri na dola ya Waingereza hadi India na Afrika, na kileo chake hakikuondolewa katika dawa za watoto za Uingereza hadi mwaka 1992.

Buha ilichelewa kuingia katika soko hilo. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, vita vikaiweka nchi mikononi mwa Wabelgiji kuanzia 1916, na Waingereza waliipokea mwaka 1921 kisha wakaiacha, kwa sehemu kubwa, iwe hazina ya vibarua. Vijana wa Kasulu na Kibondo walisafiri hadi mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakirudi na nguo, fedha na mazoea ya pwani. Tiba ya kihospitali ilikuja zaidi kwa mikono ya misheni, ikiwa ni pamoja na hospitali ya Wakatoliki ya Kabanga karibu na mji wa Kasulu na hospitali ya Waadventista ya Heri katika eneo ambalo leo ni Buhigwe. Baada ya uhuru, Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwakusanya tena wananchi, safari hii katika vijiji vya ujamaa, na pamoja na vijiji zilikuja zahanati, kliniki za mama na mtoto, na maduka ambamo chupa ya Gripe Water ilikuwa bidhaa ya kawaida kama ilivyokuwa sabuni. Katika muda wa vizazi vichache mchango ukawa umepata dawa yenye lebo, iliyouzwa bila cheti cha daktari na kupendekezwa na bibi kwa bidii ileile aliyoipendekezea mizizi.

Upinzani wa kwanza wa kweli dhidi ya desturi ya kumtia mtoto kitu kinywani haukutoka kwa maduka wala kwa waganga, ulitoka kwa vita vya dunia nzima juu ya maziwa ya kopo. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 1981 kanuni za kudhibiti uuzaji wa vyakula mbadala vya maziwa ya mama, Tanzania ikatunga kanuni zake mwaka 1994, na mwaka 2001 shirika hilo likapendekeza kwamba mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita kamili, bila maji, bila uji, bila dawa za kienyeji. Fundisho hilo likawa wimbo wa kila kliniki. Utafiti wa Tumaini Nkala na Sia Msuya, uliofanywa mwaka 2010 katika Manispaa ya Kigoma kwa wanawake 402 wenye watoto wa miezi 6 hadi 12, uligundua kwamba asilimia 86 waliujua unyonyeshaji wa namna hiyo vya kutosha, lakini waliouzingatia walikuwa asilimia 58. Pengo kati ya namba hizo mbili haliwezi kuitwa ujinga, kwa kuwa wanawake hao walikuwa wameelewa. Mama anayesikia kilio cha saa tatu, huku mkwe na majirani wakisikia pia, hushindwa kuamini kwamba kutofanya kitu ni tiba.

Wakati kliniki zikifundisha hayo, maabara za nchi nyingine zilikuwa zimeshaanza kuona kwamba maziwa ya mama hayamlishi mtoto peke yake. Henry Tissier wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris aligundua mwaka 1899 katika kinyesi cha mtoto anayenyonya bakteria mwenye umbo la panda, ambaye leo huwekwa katika kundi la bifidobakteria, na alishauri wapewe watoto wanaohara; mwenzake wa taasisi hiyohiyo, Élie Metchnikoff, ndiye aliyevuma zaidi kwa kuyasifia maziwa ya mgando kuwa chanzo cha maisha marefu, ingawa yeye aliwaza zaidi juu ya uzee kuliko juu ya utoto. Baadaye ilieleweka kwamba maziwa ya mama yana sukari ndefu, ziitwazo oligosakaridi, ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya na ambazo huwa chakula cha bakteria hao. Kutokana na ufahamu huo ikazuka dhana kwamba huenda mtoto mwenye mchango ana mpangilio tofauti wa bakteria tumboni, wenye watoa gesi wengi zaidi, na kwamba kumwongezea bakteria wafaao kungempunguzia maumivu.

Bakteria aliyechunguzwa zaidi kwa kazi hiyo ni Lactobacillus reuteri, ambaye tangu mwaka 2020 wanasayansi humwita Limosilactobacillus reuteri, na aina iliyotumika ilitolewa mwaka 1990 katika maziwa ya mama mmoja wa Peru. Francesco Savino na wenzake wa Turin, Italia, walitoa mwaka 2007 matokeo ya watoto 83 waliokuwa wakinyonya, ambapo baada ya siku 28 waliopewa matone ya bakteria walilia wastani wa dakika 51 kwa siku, na waliopewa simethikoni, dawa ya kuvunja mapovu ya gesi, walilia dakika 145. Jaribio hilo lilikuwa na kasoro, kwa sababu wazazi walijua mtoto amepewa nini na mama wote walikuwa wameacha maziwa ya ng'ombe, na aina ile ya bakteria ilibeba vinasaba vya usugu dhidi ya baadhi ya viuavijasumu. Vinasaba hivyo viliondolewa, ikapatikana aina iitwayo DSM 17938, na Savino akarudia mwaka 2010 kwa njia ambayo wazazi wala madaktari hawakujua nani amepewa nini, naye akapata tena matokeo mazuri. Kisha mwaka 2014 Valerie Sung wa Melbourne, Australia, alichapisha jaribio kubwa zaidi la watoto 167, wakiwemo wa maziwa ya kopo, ambalo halikuona faida yoyote, na waliopewa bakteria walilalamika dakika 49 zaidi kwa siku walipopimwa baada ya mwezi mmoja.

Sung mwenyewe, kwa uungwana usio wa kawaida katika taaluma zenye ushindani, aliungana na Savino na watafiti wengine kuweka pamoja data za majaribio manne yenye watoto 345, na mwaka 2018 wakatoa hukumu moja: kwa watoto wanaonyonya maziwa ya mama matone hayo hupunguza kilio, na kwa watoto wa maziwa ya kopo ushahidi hautoshi. Upungufu wa jumla ulikuwa kama dakika 25 kwa siku ifikapo siku ya 21, kiasi ambacho mtu asiye na mtoto anayelia atakiona kidogo. Hukumu hiyo ingeweza kusomwa kuwa habari njema kwa Kitahana, ambako mtoto wa maziwa ya kopo ni nadra, lakini majaribio yenyewe yalifanywa Italia, Poland, Kanada na Australia, kwa watoto waliozaliwa na kulelewa katika mazingira yenye bakteria tofauti na yale ya nyumba ya Buha.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu katika historia ya probiotiki. Kuanzia mwaka 2004, katika mtaa wa Mabatini jijini Mwanza, kikundi cha wanawake kiitwacho Tukwamuane, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western cha Ontario, Kanada, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kilianza kutengeneza mtindi wenye bakteria Lactobacillus rhamnosus GR-1, ambao ulikusudiwa zaidi kwa lishe ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kazi ya namna hiyo ilienezwa pia Uganda kwa kutumia aina nyingine, nakala ya bakteria wa rhamnosus maarufu duniani ambaye hataza yake ilikuwa imemalizika muda. Mtindi huo ni wa watu wanaokula, wala haumhusu mtoto mchanga, lakini ulithibitisha kwamba bakteria teule wanaweza kukuzwa katika jiko la mtaa kwa gharama ndogo, jambo ambalo wauzaji wa matone ya chupa hawalitangazi.

Uhai wa bakteria ndio uliokuwa kikwazo kikubwa cha matone hayo huko Kasulu na Kibondo, kwa sababu joto huwaua polepole, na miji hiyo miwili ilitegemea umeme wa jenereta za dizeli hadi mwaka 2022, ilipounganishwa na gridi ya taifa. Kikwazo cha pili ni cha kisheria na kinapendeza zaidi kukifikiria. Tafsiri rasmi ya kunyonyesha maziwa ya mama pekee, kama ilivyowekwa na Shirika la Afya Duniani, inakataza maji na uji lakini inaruhusu matone na sharubati za vitamini, madini na dawa, kwa hiyo chupa ya bakteria huvunja au haivunji kanuni kutegemea imeandikishwa kuwa nini. Nchi nyingi huiandikisha kuwa nyongeza ya chakula, ambayo haidaiwi ushahidi mzito unaodaiwa dawa, na huko Marekani mamlaka ya dawa ilitoa onyo mwaka 2023 kwamba bidhaa za aina hiyo zimesababisha maambukizi hatari kwa watoto njiti waliopewa hospitalini. Tanzania iligawa kazi ya kuandikisha bidhaa hizo mwaka 2019, dawa na vifaa tiba vikabaki chini ya mamlaka iliyopewa jina la TMDA na usimamizi wa chakula ukahamia Shirika la Viwango, kiasi kwamba matone ya bakteria yanayowekwa kando ya Gripe Water katika rafu moja ya duka la dawa yanaweza kuwa yamepita katika ofisi tofauti, yakapimwa kwa vigezo tofauti, kabla ya kumfikia mtoto yuleyule anayelia.